Mtu Wetu wa Loresho

Kwa miaka kumi na saba nilikuwa na mtu serikalini, na katika miaka hiyo yote sikumwomba hata kijiti cha kuchokolea meno. Wengine wangeuita huo uadilifu. Mimi mwenyewe niliuita hivyo kwa muda mrefu, tena kwa sauti, hasa tukiwa na wageni. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Mimi ni fundi wa sare. Sisemi fundi wa nguo, kwa sababu ukiniletea kitambaa cha gauni nitakuelekeza kwa mama wa chumba cha pili. Chumba changu kiko ghorofa ya pili katika jengo moja la River Road, nyuma ya ukuta wa mbao unaonitenga na mtu anayetengeneza saa. Nilijifunza kazi kwa mzee mmoja wa Woodley, ambako mama yangu alikuwa akifulia familia moja nguo na kulala nasi katika chumba cha nyuma. Mzee huyo alikuwa ameshona sare za polisi maisha yake yote. Baba alikuwa ametangulia; mama alipomfuata nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule siku ya Ijumaa, na Jumatatu nikaketi kwenye cherehani ya mzee. Hakunifundisha gauni wala suti. Alinifundisha alichokijua.

"Polisi hawamaliziki," aliniambia, "na hawakondi."

Nyuma yangu walikuwa wawili: ndugu yangu anayenifuata, na dada yetu mdogo ambaye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mgongo ulikuwa wangu. Tulihamia Uthiru kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, na pale ndipo nilipowalea, mmoja kwa vitisho na mwingine kwa uji.

Mtu wetu alipanda ngazi zangu kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na minane. Alikuwa inspekta, mkuu wa kituo kidogo upande wa magharibi ya jiji, mwembamba kama ufagio, na sare aliyopewa na serikali ilikuwa imekatwa kwa ajili ya watu wawili. Alitaka ipunguzwe.

"Fundi, nataka nikisimama mwizi aogope," alisema. "Sasa hivi nikisimama, mwizi anacheka."

Nilimpima. Kiuno inchi thelathini na moja. Nikaandika kwenye daftari langu, na tangu siku hiyo daftari hilo likawa historia kamili ya utumishi wake. Watu wengine husoma maisha ya wakubwa magazetini. Mimi nilisoma kiunoni. Alipopanda cheo mara ya kwanza kiuno kilikuwa thelathini na tatu. Alipopelekwa kuwa kamanda wa wilaya moja ya kaskazini alirudi likizo akiwa thelathini tu, mabega ya shati yamechujuka kwa jua, na mkono mmoja una tundu dogo la mviringo. Nililitazama lile tundu. Yeye alitazama dirishani.

"Ziba," alisema.

Nikaziba. Sikuuliza, naye hakusema, na nadhani hapo ndipo tulipoanza kupendana, ikiwa mtu anaweza kusema hivyo juu ya kamanda wa polisi na fundi wake.

Kisha akawa kamanda wa mkoa, inchi thelathini na saba. Kisha akaletwa makao makuu, arobaini. Kila alipoongezewa alama begani alikuja kwangu, maana kuna ustadi wake: alama ikikaa upande hata kwa unene wa uzi, mkubwa anaonekana kama mtu aliyevalishwa na watoto. Alikuja mwenyewe. Dereva alibaki chini, na yeye akapanda ngazi zetu zenye giza, na watu wote wa jengo wakajibanza ukutani wakisema "Afande, afande." Baada ya kuondoka, mtu wa saa aligonga ukuta wetu wa mbao.

"Fundi! Wewe una mtu!"

"Ni mteja tu," nilijibu, kwa sauti ya mtu anayetaka aulizwe tena.

Nyumbani jambo hili lilikua kuliko kiuno chake. Ndugu yangu alipokamatwa kwa kuuza vifuniko vya simu kando ya barabara bila kibali, aliwaambia askari wa jiji kuwa kaka yake anamvalisha kamanda. Walimwachilia, au walichoka naye, hatujui. Lakini tangu hapo ikawa imani ya nyumba. Tukikosa maji: tuna mtu. Mwenye nyumba akipandisha kodi: ngoja, tuna mtu. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa imani hiyo. Nilisema kila mara kwamba mtu mkubwa haombwi ovyo. Neno la kumwambia mkubwa ni moja, huliwekei chumvi wala huliharibu kwa mambo ya maji. Unaliweka mpaka siku yake.

Siku yake, niliwaambia, itakuwa ya dada yetu.

Yeye tangu darasa la tano alitaka kuwa polisi. Sijui alilitoa wapi. Labda ni kulala utotoni juu ya marundo ya sare. Alimaliza shule na alama zinazotosha, akasomea mambo ya ugavi mwaka mmoja, kisha akawa anangoja usajili wa makurutu kama watu wengine wanavyongoja mvua. Nami nikawa nangoja naye, nikiwa nimelifungia neno langu moja kifuani.

Halafu mtu wetu akastaafu.

Alikuja River Road bila dereva. Hakuna aliyejibanza ukutani. Alipanda na mfuko wa karatasi, akapishana na mchukuzi aliyebeba marobota, na mchukuzi akamwambia, "Mzee, kaa kando." Akakaa kando. Ndani ya mfuko mlikuwa na mashati matano ya kazi.

"Toa hivi vya mabegani," alisema. "Shati bado ni nzima. Nitavaa shambani."

Nilivikata vile vishikizo vya mabegani kimoja kimoja, vyote kumi, yeye akiwa ameketi kwenye kigoda changu. Alikaa saa nzima. Alisimulia habari za ndama. Alipoondoka nilihisi huruma, na chini ya huruma, lazima niseme, nilihisi hasira: mtu mzima nimemwekea neno miaka yote hiyo, naye anastaafu nalo!

"Buda, umechelewa," ndugu yangu aliniambia jioni ile, akicheka na ugali mdomoni. "Ulikuwa na mtu. Sasa una mkulima."

Dada yetu hakucheka. Aliosha sahani.

Miezi minne baadaye mkulima alitajwa kuwa waziri.

Nilikuwa naunganisha ukosi nilipoisikia redioni, na nilijidunga kidole. Mtu wa saa aligonga ukuta kwa ngumi zote mbili. Simu ikalia kabla damu haijakauka. Ilikuwa ni sauti yake.

"Fundi, naapishwa wiki ijayo. Nataka suti."

Mtu mwenye akili angesema: mheshimiwa, mimi sijawahi kushona suti ya kiraia. Mtu mwenye akili na aibu kidogo angemtajia mafundi wa suti, wako wengi mjini na wana vioo vikubwa. Mimi nilisema, "Nyeusi au ya bluu?"

Nyumba yake iko Loresho, ndani ya ua mrefu wenye maua ya zambarau. Nilifika asubuhi na futi yangu shingoni, kama daktari. Nje ya nyumba walikuwa wamepiga hema, na chini ya hema viti vya plastiki, na kwenye viti watu wapatao arobaini wenye bahasha za kaki. Kila mmoja alikuwa na mtu serikalini. Nilishtuka kugundua kwamba ni mtu yuleyule.

Askari wa langoni aliita, "Fundi wa nguo ni nani?" Nikasimama. Macho ya watu arobaini yakasimama pamoja nami. Mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa karibu nami, ambaye tulikuwa tumesalimiana tu, alinishika mkono.

"Mwanangu, unaingia ndani?"

"Naingia, mama."

"Ndani ndani?"

"Mpaka kiunoni, mama."

Hakucheka. Alinipa bahasha yake. "Ni ya kijana wangu. Wewe mwambie tu ni mama wa kule alikofungua shule. Atajua."

Wa pili akaona, wa tatu akaona. Nilipoingia nilikuwa nimebeba bahasha kumi na moja, na nilikuwa tayari natembea kwa namna mpya, kifua mbele, nikiwaambia watu "Nitaona, nitaona." Dakika kumi na tano tu za kungoja na tayari nilikuwa mkubwa wa foleni.

Waziri mteule alikuwa amesimama sebuleni kwa soksi. Bahasha niliziweka juu ya meza ndogo. Alizitazama kama mtu anayetazama vyombo vichafu.

"Na wewe pia wamekupata," alisema.

Nikaanza kumpima. Kiuno arobaini na tatu. Pini zilikuwa mdomoni, neno langu lilikuwa nyuma ya pini. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu Uthiru: Mheshimiwa, dada yangu ataingia uwanja wa usajili mwezi huu, naomba tu jina lake lijulikane. Fupi, safi, bila chumvi. Nikatoa pini moja, ya pili, ya tatu.

Na yeye, akitazama dirishani kuelekea hema, akasema:

"Unajua kwa nini nimekuita wewe, na mjini kuna mafundi wakubwa? Miaka kumi na saba. Ndugu zangu wameniomba. Mchungaji ameniomba. Hata daktari wa meno aliniomba mdomo wangu ukiwa wazi. Wewe peke yako hujawahi kuniomba kitu. Ukija, napumzika."

Nilizirudisha pini mdomoni.

Nimefikiria sana wakati ule. Sidhani alikuwa mjanja. Alikuwa amechoka tu. Lakini kama angetaka kulifunga neno langu kwa kufuli, asingepata kufuli bora. Na aibu yangu kubwa si kwamba nilinyamaza. Aibu ni kwamba nilifurahi. Nilishuka Loresho mpaka barabara kuu nikiwa nimejaa sifa kama puto, mtu mwadilifu wa Uthiru, asiyeomba, na nilikuwa nimefika karibu na nyumbani nilipokumbuka kwamba nilikwenda kuomba.

Walikuwa wananingoja, wote wawili.

"Haya?" dada alisema.

"Tumezungumza," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

"Amesema nini?"

"Ananithamini sana."

"Kaka. Kuhusu mimi."

Ndugu yangu aliinua uso kutoka kwenye simu. Hapo ndipo ningeweza kusema. Lakini nilikuwa kaka mkubwa, mwenye mtu, na nilikuwa bado na ladha ya sifa mdomoni.

"Wewe jitayarishe tu," nilisema. "Mambo mengine ni ya wakubwa."

Alinikumbatia. Kesho yake, bila kuniambia, alimpigia mama mwenye duka la jumla la Kangemi aliyekuwa amempa kazi ya kutunza stoo, kazi ya kudumu iliyokuwa ianze Jumatatu, akamshukuru na kuikataa. Nilipojua, mama yule alikuwa ameshamchukua mtu mwingine.

Sasa suti. Niliishona kwa siku sita na nilijivunia kila mshono. Niliikata ya bluu iliyokolea, mabega yamesimama, mgongo umenyooka. Na mikono yangu, ambayo haikuwahi kuulizwa maoni yangu, ilifanya ilichozoea. Koti la gwaride hubeba nishani upande wa kushoto. Nishani ni nzito. Usipoimarisha kifua cha kushoto, kitambaa huning'inia. Kwa hiyo fundi wa sare huweka kanvasi nene, kitambaa kigumu cha ndani, upande huo, tabaka mbili, mara nyingine tatu, na kuishona kwa mkono mpaka iwe kama ubao. Mzee wa Woodley alinifunza hivyo, na sijawahi kukata koti bila hivyo. Niliweka tatu. Kwa mtu mkubwa kama yule, nilifikiri, mbili ni dharau.

Siku ya kuapishwa nilikwenda kutazama kwenye hoteli moja iliyo chini ya jengo letu, yenye runinga kubwa. Niliwaambia watu suti ile ni yangu kabla hata haijaonekana. Mtu wa saa alifunga kazi akaja. Niliagiza chai na mahamri kwa meza nzima.

Akatokea. Akasimama. Mkono wa kulia ukainua Biblia juu, na upande wa kulia wa koti ukapanda pamoja na mkono kama inavyopaswa. Upande wa kushoto haukusogea. Ulibaki pale ulipo, umevimba, mgumu, kama mtu aliyeingiza trei ya chai ndani ya koti.

"Kwani amevaa nini?" mtu wa meza ya mbele aliuliza.

"Ni kinga ya risasi," mwingine akajibu. "Ona kifuani. Waziri anaapishwa na kinga ya risasi!"

"Nusu? Anakingwa upande mmoja?"

"Moyo, buda. Moyo uko kushoto. Huyu alikuwa polisi, anajua wanapopiga."

Hoteli nzima ikaanguka kwa kicheko. Kabla ya saa sita picha ilikuwa kwenye simu ya kila mtu, ikiwa na maneno ya kila aina. Mtangazaji mmoja wa redio aliuliza waziri mpya anaogopa nini ambacho wananchi hawakijui. Mwingine akajibu kwamba anawaogopa watu wa kwao wenye bahasha.

"Fundi," mtu wa saa aliniambia polepole, akimalizia mahamri yangu, "ulisema ni yako?"

Nilifikiri waziri atanipigia simu aniapize. Hakupiga. Baada ya siku tatu alipiga kijana fulani mwenye sauti laini, msaidizi wake, akisema nije nilichukue koti nilirekebishe. Nilijiambia: hii ndiyo nafasi. Aibu imeshaingia, haiwezi kuongezeka; nitaomba. Usajili ulikuwa wiki inayofuata. Nikapanda tena Loresho.

Hema lilikuwa limeondolewa. Langoni walikuwa askari wapya ambao hawakuniuliza mimi ni nani. Msaidizi alitoka na koti ndani ya mfuko wa plastiki.

"Naomba nimwone mheshimiwa mwenyewe," nilisema. "Ni mimi fundi wake. Miaka kumi na saba."

"Mheshimiwa yuko mkutanoni, mzee."

Mzee! Nina miaka thelathini na mitano.

"Nitangoja."

"Yuko mkutanoni mpaka Disemba," alisema, si kwa ubaya. "Koti ukimaliza liachie hapa langoni. Na amesema nikuambie hajakasirika. Amesema fundi wangu si mtu wa kusumbua."

Nililifumua koti, nikatoa kanvasi, nikalirudisha langoni. Na hapo ndipo mambo ya neno langu yalipoishia. Nililitunza miaka kumi na saba, na nilipolitoa halikuwa na mtu wa kuambiwa.

Zilibaki siku nne. Dada alikuwa amepunguza mazoezi. Alikuwa akikimbia kila alfajiri, lakini tangu niliposema mambo ya wakubwa alianza kulala mpaka jua litoke, na sikuwa na haki ya kumwamsha. Jioni ya siku ya nne kabla ya usajili nilimkuta jikoni akichambua sukuma.

"Sikumwomba," nilisema.

"Nini?"

"Waziri. Sikumwomba. Alinisifu kwamba siombi, nikashindwa. Halafu nikarudi nikakudanganya. Halafu nikaenda tena, sikuruhusiwa kuingia."

Aliendelea kuchambua. Jani, jani, jani. Ndugu yangu alikuwa mlangoni.

"Nimeacha kazi ya Kangemi," dada alisema.

"Najua."

"Niliiacha kwa sababu yako."

"Najua."

"Usiseme unajua. Kila kitu unajua." Aliweka kisu chini. "Tangu niko mtoto tunaishi na huyo mtu hapa ndani. Tukila, yuko. Tukikosa, yuko. Mimi nilidhani nikifika uwanjani atakuwepo. Kumbe tulikuwa watatu tu!"

Nilitaka kumwambia kwamba watatu si haba. Nilikuwa na akili ya kutosha kunyamaza.

Kesho yake, kabla ya alfajiri, nilisikia mlango. Alikuwa anakimbia. Na siku iliyofuata, na iliyofuata. Hakuzungumza nami isipokuwa kuomba chumvi.

Usajili ulifanyika katika uwanja wa shule moja. Walikuwa mamia, wasichana upande mmoja, wavulana upande mwingine, miguu mitupu, wakiwa na vyeti ndani ya mifuko ya plastiki. Nilisimama nje ya ua pamoja na wazazi wengine. Walimpima urefu. Walimtazama meno na nyayo. Kisha wasichana wakapangwa kukimbia. Ningependa kuandika jinsi alivyomaliza, lakini sikuona. Afisa mkubwa wa usajili alikuwa amepita karibu nami, na nilikuwa namkodolea macho nikijaribu kutambua kama shati lake ni kazi yangu, na kama ni kazi yangu, je, atanitambua, na akinitambua, je... Nilipogeuka, mbio zilikuwa zimekwisha. Shati lenyewe halikuwa langu. Mshono wa kwapa ulikuwa mbovu sana.

Saa tisa waliita majina. Lake lilikuwa miongoni mwa machache ya mwisho.

Alikuja kwenye ua na barua yake ya mwito. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ndugu yangu alikuwa analia wazi kama mtoto, na mimi nilikuwa nalia kwa siri, jambo ambalo halikumdanganya mtu. Lakini kabla dada hajafungua mdomo, mama mmoja jirani yetu wa Uthiru, ambaye binti yake hakuchaguliwa, alinigeukia.

"Hongera, fundi," alisema, na sauti yake ilikuwa baridi kama maji ya mtungi. "Kuwa na mtu ni kitu kizuri."

Nikamwona dada akisikia. Sijawahi kuona uso ukizimika haraka namna ile.

Kufikia jioni mtaa wote ulikuwa unajua. Watu walikuja kunishukuru mimi. Walinipa mkono mimi. Mwenye nyumba alipita kuniambia kwamba kodi tutaizungumza. Dada alikaa pembeni katika nyumba yake mwenyewe, katika ushindi wake mwenyewe, kama kifurushi nilicholetewa. Wageni walipoondoka alisema:

"Jumapili tuna shukrani kanisani."

"Ndiyo."

"Utasimama mbele. Utasema hukuomba. Utasema nilikimbia."

"Mbele ya watu wote?"

"Si ulijisifu mbele ya watu wote?"

Kwa watu wetu waliotoka magharibi ya nchi, shukrani haifanywi kimyakimya. Familia inaitwa mbele, inaimbiwa, mkubwa wa familia anaeleza Mungu ametenda nini. Nilisimama pale na koti langu bora. Nikasema yote. Nilisema kwamba kwa miaka kumi na saba nimewaambia nina mtu, na kwamba mtu huyo sikuwahi kumwomba lolote, mwanzoni kwa uoga na mwishoni kwa majivuno. Nilisema nilimdanganya dada yangu akapoteza kazi. Nilisema alichukuliwa kwa miguu yake miwili, peke yake, na mimi hata mbio zenyewe sikuziona.

Nilidhani wamenielewa. Kisha mchungaji alisimama, macho yamemjaa machozi, akaniwekea mkono begani.

"Mmesikia?" alisema. "Ndugu zangu, huu ndio unyenyekevu. Mtu amesaidia, na hataki sifa!"

Walipiga makofi. Wamama walipiga vigelegele. Kutoka nyuma mtu akasema kwa nguvu, "Wa siri huyo! Hatamtaja mkubwa wake hata umkate!" Nilijaribu kusema tena kwamba sikuomba, na kila niliposema, makofi yaliongezeka.

Nilimtazama dada. Nilitarajia hasira. Alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa, mabega yanatikisika. Baada ya wiki nzima ya kuniomba chumvi tu, alikuwa anacheka mpaka machozi.

Nje, mlangoni, walikuwa wameshajipanga. Bahasha za kaki, nane au tisa.

"Utafanya nini?" aliniuliza, akijifuta macho.

"Nitawaambia tena."

"Mmoja mmoja."

"Mmoja mmoja."

"Nakaa hapa nikusikie."

Nikaanza. Sikuomba, alikimbia. Sikuomba, alikimbia. Mzee wa kwanza alinikonyeza na kuniachia bahasha mfukoni. Nikaitoa, nikaikunja ndani ya mkono wake. Wa pili alisema ananielewa kabisa, mambo haya hayasemwi hadharani. Wa tatu alitaka kujua kama waziri hupendelea kuku au mbuzi. Mama jirani, yule wa uwanjani, alipita bila kusimama. Nilimfuata hatua tatu nikamwambia naye, na alinitazama, kisha akaendelea na safari yake.

Wa mwisho alikuwa binti yake. Hakuwa na bahasha. Alisimama mbele yangu akichora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Kama hukuomba," alisema, "yeye alikuwa anafanyia wapi mazoezi?"

Nilifungua mdomo nimjibu, maana nimezoea kujibu kila swali la nyumba yangu. Kisha nikageuka nikamwita dada, nikasogea kando.